Maji Aliyomwaga Holo

Aliyeua mchwa asilaumu mvua.

Vijana walimsikia Bibi Nyamizi akimwambia hivyo jirani aliyekuja kulalamikia shamba lake. Jirani alipoondoka, wakamuuliza neno hilo limetoka wapi. Bibi aliendelea kupukuchua mahindi. Alisema mzizi wa neno hilo ni mchana mmoja wa kiangazi, na kisa chake ni hiki.

Palikuwa na mzee wa Kisukuma aliyeitwa Shigela, mwenye ng'ombe wengi na ngitili pana. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote, mifugo isikanyage, ili nyasi zikauke zikiwa zimesimama na ng'ombe wapate chakula kiangazi. Upande wa chini wa ngitili yake, ng'ambo ya mstari wa minyaa, palikuwa na ngitili ndogo ya Mbuke, mjane asiye na mtoto.

Mwaka huo Holo aliolewa na Lubango, mwana wa Shigela. Alikuwa binti mkimya. Kwa desturi ya kwao, mkaza mwana hamsemeshi baba mkwe wake. Akiwa na neno, humwambia mama mkwe, naye mama mkwe hulifikisha. Holo hakuona shida, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache hata kwao.

Mama mkwe, Ng'wasi, alimpeleka kwenye ngitili akampa kichuguu kimoja kiwe chake. "Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi watakaotoka hapa ni wako," alimwambia. "Mke asiye na kichuguu huomba mboga kwa majirani."

Miaka hiyo mvua zilikuwa zimeanza kubadilika. Zilichelewa, na zikija zilimwagika kwa kishindo siku mbili tatu, kisha kimya. Nyasi zilipungua, na Shigela akawa na wasiwasi. Asubuhi moja aliinama akaona mchwa wakikata majani makavu na kuyavuta shimoni. Alikasirika sana.

"Mimi nafunga ngitili, wao wanavuna," alisema. "Leteni majembe."

Vijana walichimba vichuguu vyote. Waliwatoa malkia, wanene kama vidole, wakawarushia kuku, kisha wakamwaga maji ya moto kwenye mashimo. Kichuguu cha Holo kilichimbwa siku ya pili. Alisimama mbali akitazama. Mbuke alipoambiwa naye achimbe vyake, alikataa. "Hao nimewakuta hapa," alisema. "Wanachokula ni kidogo kuliko wanachoacha." Watu walimcheka.

Kiangazi hicho nyasi za Shigela zilibaki nyingi, naye akatamba mnadani kwamba ameongeza malisho bila kuongeza ardhi.

Miaka mitatu ikapita. Holo alipata mtoto wa kike. Kila siku alikwenda kisimani kwa njia ya kando ya minyaa, ngitili ya Shigela mkono mmoja na ya Mbuke mkono mwingine, na macho yake yaliona yale ambayo hakuyasema. Upande wa kwao mavi ya ng'ombe ya mwaka jana yalikuwa bado juu, makavu kama vigae, hakuna mdudu aliyeyazika. Udongo ulifanya ganda. Nyasi tamu zilipotea, zikabaki miiba na majani ambayo hata mbuzi huyakwepa. Upande wa Mbuke nyasi zilisimama.

Mwaka wa nne ng'ombe walianza kuanguka. Shigela alienda kwa mganga, akarudi na jibu alilokuwa analitaka. Mvua yake ilikuwa ikivutwa kwa uchawi. Na ni nani mwenye nyasi kiangazi hiki?

Mchana mmoja wa kiangazi hicho watu walikusanyika mpakani na fimbo. Mbuke alikuwa ameshafunga mzigo wake. Sufuria, ngozi ya kulalia, basi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na hayo nayo yalihesabiwa kuwa ushahidi.

"Nenda kabla hatujabadili mawazo," Shigela alimwambia.

Holo alikuwa anatoka kisimani, mtoto mgongoni na mtungi kichwani. Kisima kilikuwa mbali, na mtungi huo ulikuwa maji ya nyumba nzima. Alisimama.

"Mama," alimwambia Ng'wasi, macho chini, "mwambie baba atazame maji."

Watu waligeuka. "Kumbe anayo sauti," mmoja alisema. "Mie nilidhani Lubango kamtolea bubu ng'ombe wa mahari." Wachache walicheka.

Holo alitua mtungi, akauinamisha juu ya ardhi ya Shigela. Maji hayakuzama. Yalikusanya vumbi, yakaviringika juu ya ganda kama juu ya ngozi iliyowambwa, yakateremka. Yalipita katikati ya miguu ya Shigela, yakapita chini ya minyaa, yakaingia kwa Mbuke. Hapo, kwenye mizizi ya nyasi, yakatoweka.

Waliocheka waliinama kutazama.

"Mama, mwambie baba kwamba ni kweli. Mvua yetu inakwenda kwa Mama Mbuke. Lakini yeye haivuti. Tunampelekea wenyewe."

Ng'wasi alifungua mdomo afikishe, Shigela akamzuia kwa mkono. "Nimesikia," alisema. Alivuka minyaa, akapiga magoti, akabandua udongo kwa ncha ya fimbo. Ulikuwa laini, umejaa vitundu, na ndani ya kila kitundu mchwa walikuwa wakipita na mizigo yao. Alirudi upande wake, akachoma hapo pia. Fimbo ilikatika.

Alikaa chini palepale. Akamwambia Mbuke, bila kumtazama, "Dada, fungua mzigo wako."

Ng'ombe wa Shigela walikufa zaidi ya nusu, kwa kuwa ukweli hauoteshi nyasi siku hiyo hiyo. Mbuke alimwambia jambo moja tu. Kumbikumbi wakiruka kutoka kwake na kuangukia kwa Shigela, asiwaokote mtu, ili wajenge upya. Misimu mitano nyumba ile haikuonja kumbikumbi. Msimu wa sita Holo aliona kwenye ngitili yao kichuguu kidogo, kama ngumi ya mtoto, na pembeni yake nyasi changa. Mbuke alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla.

Shigela alipozeeka sana, aliitwa kwenye baraza la kijiji cha jirani. Mvua ilikuwa imegoma, na bibi mmoja mwenye macho mekundu alikuwa ameketi katikati, mzigo wake umefungwa. Wazee walimwomba Shigela atoe hukumu. Alisimama kwa shida, akaomba aletewe mtungi wa maji, akawauliza vichuguu vyao viko wapi. Wakamwambia wamevichimba, naye akasema:

"Aliyeua mchwa asilaumu mvua."