Vyungu Viwili vya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na miko kama sisi, Kiboko alifungua duka. Duka kubwa hilo, jamani! Na bei? Chee! Tangu alfajiri wanyama walikuwa wakisukumana mlangoni.

Lakini sikieni ushenzi huu. Mayai yalikuwa viza. Unga ulijaa fukusi. Samaki walioanza kunuka waliogeshwa ndimu, wakarudishwa mezani! Mpaka leo nikisimulia hasira zinanipanda.

Siku moja Kindi, yule mdogo mwenye mkia wa manyoya, alinunua maziwa pale akampa mwanawe, Njugu. Jua halijazama, mtoto anatapika, macho yamemwingia ndani. Kindi akambeba mgongoni, mbio hadi dukani.

"Bwana Kiboko! Maziwa yako yamemwangusha mwanangu!"

"Hoo! Hoo! Hoo!" Kiboko alicheka hadi meza ikatikisika. "Mama Njugu, kwani bei hukuiona? Ukitaka mazuri, kakamue mwenyewe!"

Jirani yake Kindi, Pundamilia, akamvuta mwenziwe pembeni. "Shoga, nyamaza. Akifunga duka, tutanunua wapi kwa bei hii?"

Kindi akageuka aondoke. Hapo ndipo alipoona kapu nyuma ya meza. Lina mihogo mibichi, nazi, na samaki wa asubuhi ile ile. Kilikuwa chakula cha mchana cha Kiboko, kimetoka nyumbani kwake.

"Kumbe!" akasema moyoni. "Vya dukani mwake yeye havigusi!"

Njugu alipona, Mungu saidia. Lakini haikupita wiki, Kiboko akatangaza karamu. "Watoto wote waje, wale bure!" Wanyama wakashangilia. Kindi hakushangilia. Alijua fika kwamba samaki waliokosa mnunuzi ndio watakaopikiwa watoto. Akaenda kwa Kiboko, akaomba awe mpishi.

"Ila mzee," akamwambia, "mila unaijua. Mwenye karamu hutoa sumu. Utaonja wewe kwanza, mbele ya wote."

Kiboko akatokwa na jasho. "Nionje vile vi... yaani, lazima?"

"Usihofu, mzee wangu. Nitapika vyungu viwili. Chako kitakuwa cha vitu vya kapu lako, nitakifunika kwa jani la mgomba. Cha watoto kitakuwa cha vitu vya dukani, nitakifunika kwa sinia."

"Una akili wewe!" Kiboko akapumua.

Siku ikafika. Ngoma, ndu! ndu! ndu! Watoto wameketi mikekani, bakuli mkononi, Njugu mbele kabisa. Kindi akafunua chungu chenye sinia, akachota upawa mzima.

"Karibu utoe sumu, mzee."

Kiboko akanong'ona, "Si hicho."

"Unasemaje, mzee? Hatusikii!"

"Si hicho, wewe!"

"Onja tu, watoto wana njaa." Kindi akausogeza upawa hadi mdomoni pake.

Kiboko akaruka nyuma, akaanguka puu! "Nimesema si hicho! Hicho cha dukani, unataka kuniua? Nipe changu cha nyumbani, chenye jani!"

Ngoma zikanyamaza. Watoto wakaweka bakuli chini.

Pundamilia ndiye aliyesimama wa kwanza, masikio yamemlala kwa hasira. "Kitakuua wewe na mwili wote huo? Na hawa watoto wetu, je?"

Kindi akaugeuzia upawa kinywani mwake mwenyewe. Akatafuna, akameza. "Mmh! Kitamu. Kuleni, wanangu. Samaki wa dukani niliwafukia shimoni asubuhi. Vyungu vyote viwili nimepika mihogo ya shambani kwangu."

Lo! Kelele zilizozuka! Kiboko alitimua mbio, wanyama nyuma yake, "Mshike! Mshike!" hadi mtoni, chubwi! Ndiyo maana hadi leo anashinda majini, katoa macho na pua tu. Ana haya. Na ziwe nyingi!

Basi hapo ndipo Njugu na wenzake walipokula wakashiba, nami nanyamaza. Mkumbuke tu, wanangu: anayekuuzia asichothubutu kula mwenyewe, huyo hakuuzii chakula, anakuuzia maradhi.