Mdudu wa Bamia Si wa Kabichi

Wapendwa, ninyi mnaolima mboga mnawajua wadudu ninaotaka kuwasema. Wadogo, wagumu mgongoni, ukisogeza kidole tu wanaruka kama viroboto. Wanakula jani na kuliacha na matundu matundu, kama mtu amelichoma kwa pini.

Basi palikuwa na kijiji kimoja kilichokunywa maji ya mfereji mmoja, na karibu watu wake wote walilima bamia. Mama mmoja tu ndiye aliyelima kabichi na figili. Tumwite Atuganile. Alitoka mbali, kule milimani kwenye baridi, akaolewa pale. Mumewe akafariki, naye akabaki na ekari yake moja na mboga alizozizoea tangu kwao.

Mwaka huo wadudu waliingia kwenye bamia. Miche ilikuwa haijafikisha hata majani manne, ikaliwa ikanyauka. Watu wakapanda tena, ikaliwa tena. Wakaanza kutazama huku na huku: ni kitu gani hapa si cha kwetu? Wakaiona kabichi. Wakainama, wakakuta nayo ina matundu yale yale. Kesi ikaishia hapo!

Mwenyekiti wa mfereji, Mzee Chilongani, akasimama mkutanoni. "Wadudu hawa hatukuwa nao," akasema. "Wamekuja na mboga za huyu mama. Jumamosi tunakwenda kung'oa na kuchoma."

Mikono ikanyooshwa juu. Atuganile naye akainuka.

"Baba mwenyekiti, kuna mtu hapa aliyemkamata hata mmoja akamtazama?"

Watu wakacheka. Mzee akamjibu, "Mama, mdudu anatazamwa nini? Mdudu ni mdudu."

Hebu niwaulize, nyumba ya Mungu. Ungekuwa wewe, umefiwa na mume, kijiji kizima kimekunyooshea mkono, ungefanyaje? Ungefunga mizigo urudi kwenu? Ungelia?

Huyu mama hakulia. Alikwenda shuleni kumwomba mwalimu wa sayansi kile kioo cha kukuzia, akatafuta chupa mbili za jamu zenye vifuniko. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani na wadudu wakiwa wazito kuruka, alitandaza karatasi nyeupe chini ya kabichi zake, akazitikisa. Kisha akaomba ruhusa kwa jirani, akatikisa bamia. Akakaa kizingitini na kioo chake, akatazama.

Wale wa kabichi walikuwa weusi watupu, wanang'aa kama wino. Wale wa bamia walikuwa wakubwa kidogo, mgongo wa bluu iliyoiva, na kichwa na shingo vyekundu kama udongo wa kichuguu. Akarudia na wengine kumi. Akarudia na wengine ishirini. Hawa hawakuwa wadudu wa aina moja!

Jumamosi wanaume wakaja na majembe na mapanga. Wakamkuta ameketi chini, katikati ya matuta yake, miguu ameinyoosha, chupa mbili mapajani.

"Inuka, mama," akasema Mzee Chilongani. "Tusivunjiane heshima."

"Siinuki. Wa kwangu ni weusi, na wa kwenu wana shingo nyekundu. Shika kioo utazame."

"Rangi tu hiyo. Hata kuku wa mama mmoja hawafanani."

"Sawa. Basi usiamini rangi, amini tumbo. Chupa hii nimewatia wadudu wa kabichi yangu, na chakula chao ni jani la bamia. Hii nyingine nimewatia wa bamia, na chakula chao ni jani la kabichi. Kaa nazo nyumbani kwako, uzifunge kwenye kabati lako, ufunguo ushike wewe. Jumatatu ukikuta wameyala majani hayo, nitang'oa mwenyewe kwa mikono yangu. Lakini leo mkitaka kung'oa, mtaanza na mimi."

Wanaume wakatazamana. Nani atamburuza mjane kwenye tuta la kabichi mchana kweupe? Mzee akachukua zile chupa kwa hasira, wakaondoka.

Jumatatu asubuhi alirudi peke yake, hana jembe wala panga. Majani yote mawili yalikuwa yamesinyaa, lakini mazima, hayana tundu hata moja. Wadudu wengine walikwisha kufa, wengine walikuwa wakitambaa kwa shida. Walikuwa na chakula mbele yao, na bado walikufa njaa.

"Sasa hawa wa shingo nyekundu wametoka wapi?" akauliza.

"Twende nikuonyeshe."

Akampeleka kwenye kingo za mfereji. Mlenda pori ulikuwa umesimama pale hadi kiunoni. Na ninyi mnajua mlenda na bamia ni ukoo mmoja. Utelezi wao tu unatosha kuwaambia. Atuganile akatandaza khanga nyeupe chini, akautikisa mlenda. Wadudu wakadondoka kama mchanga, wote shingo nyekundu, wakaanza kuruka juu ya ile khanga.

Kazi ya kufyeka kingo za mfereji ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya kijiji kizima. Na misimu miwili hakuna aliyekwenda. Na wa kuwahimiza alikuwa nani? Mwenyekiti.

Mzee Chilongani akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimekukosea. Unisamehe."

Atuganile akamtazama. "Nimekusamehe, baba. Lakini usiyaseme maneno hayo hapa kichakani, tuko wawili. Ulinishtaki mkutanoni. Kayaseme mkutanoni."

Na mzee akaitisha mkutano, akayasema, mbele ya ile mikono yote iliyonyooshwa. Kesho yake kingo zikafyekwa.

Sasa, wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana sikuja hapa kuwafundisha kilimo.

Alhamisi nililetewa karatasi ofisini. Hii hapa. Kinanda cha kanisa kimeibwa, sote tunajua, na sote tumeumia. Karatasi hii imeandikwa majina ya familia tisa za kule machimboni, waliohamia mwaka jana. Nimeombwa niyasome leo madhabahuni, niwaambie wasikanyage hapa mpaka wamtoe mwizi. Nikauliza, nani aliwaona? Nikaambiwa, "Mchungaji, kabla hawajaja hatukuwa na wizi."

Sisi ndio tunasema hivyo! Sisi tunaoomba kila siku Mungu atuite kwa majina yetu, asituhukumu kwa mafungu. Tumemwona nani? Tumemtazama nani usoni? Na lile dirisha la nyuma ambalo halina komeo tangu Pasaka, kulitengeneza kulikuwa zamu ya watu wa machimboni?

Wazee wa kanisa, nawaheshimu. Mkinihamisha, nihamisheni, mkiandika barua kwa askofu, iandikeni leo. Karatasi hii sitaisoma. Mwenye habari ya mtu mmoja, na tendo alilomwona akilitenda, aje tukae, tulifuatilie hadi mwisho, awe wa machimboni au awe mwanangu wa kumzaa. Asiye nayo, aufumbe mdomo wake. Na aliyekwisha kuwasema kisimani na sokoni, asije kuniungamia mimi chumbani. Akawaombe radhi kule kule alikowasemea.

Ninyi wa machimboni mlioketi nyuma karibu na mlango, kana kwamba mnangoja kutolewa: njooni mbele. Nafasi zipo. Ninyi wa benchi la kwanza, sogeeni.

Kinanda hatuna. Tutaimba kwa makoo yetu. Simameni.