Zimwi Lisilo na Mdomo na Jina la Mlangoni

Haya, sogeeni karibu, na mwenye rimoti aiweke chini kidogo. Nina kesi hapa, na tangu niletewe haijanipa raha.

Kuna tamthilia inaitwa Vivuli vya Mkongeni. Najua wengi wenu hamjaitazama, na siwalaumu, maana kituo kilikuwa kikiirusha Alhamisi saa kumi na moja jioni, wakati mwenye kazi yuko njiani na aliye nyumbani anahangaika na jiko. Inamhusu mjane aliyerithi nyumba kuukuu kwenye shamba la mkonge huko Tanga, akakuta mizimu imemtangulia kuhamia. Kila wiki mzimu mmoja unamjia na shida yake. Hakuna damu ya rangi wala milango inayojibamiza. Mzimu unavuta kiti, unaeleza kilichouudhi, na wewe mtazamaji unashangaa umeanza kuuonea huruma. Mimi nasema hakuna tamthilia ya jioni inayoifikia, na anayebisha akaitazame kwanza ndipo tubishane.

Mwongozaji wake ni Mwantumu, mwanamke mpole wa maneno na mgumu wa uamuzi. Alikuwa na watu watatu aliowategemea, na kila mmoja alijaliwa chake.

Tausi, mwandishi, alijaliwa masikio. Hadithi akiisikia mara moja haimtoki, na akiisimulia upya utadhani ilizaliwa naye.

Fundi Sekibaha alijaliwa mikono. Mpe nyuzi za katani, gundi na gunia, naye atakutolea mzimu ambao wewe mwenyewe utauamkia.

Hoza, mwigizaji, alijaliwa mwili. Kwa misimu mitatu amecheza mizimu yote ya nyumba ile, daima ndani ya vinyago vya Fundi, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuuona uso wake. Lakini Hoza akilia, mabega ndiyo yanayolia, wala hutauliza chozi liko wapi.

Sasa, watu hawa wana desturi yao. Msimu wa kwanza walirundika majina ya wote walioifanya kazi mwanzoni mwa kila sehemu, yakapita mbio kama wanaofukuzwa, hakuna lililosomwa, na kila mtu akanuna. Wakakubaliana kwamba kuanzia hapo mwanzoni litakaa jina moja tu, peke yake kwenye kioo, kabla hata ya jina la tamthilia, na litakaa hapo msimu mzima. Mengine yote yataenda mwishoni. Wanaliita jina la mlangoni. Anapewa yule ambaye bila yeye msimu usingekuwapo, na anayechagua ni mwongozaji, ambaye haruhusiwi kujichagua. Msimu wa pili alipewa mpiga picha. Wa tatu alipewa mpishi, kwa sababu ambazo kila aliyekula pale anazijua.

Ndipo ikaja barua ya kituo. Watazamaji ni wachache, sehemu ya kumi na mbili iwe ya mwisho, asanteni kwa ushirikiano. Mwantumu aliwasomea barazani wakati wa chai. Chai ile ilipoa kwenye vikombe.

Tausi ndiye aliyesema kwanza. "Dada, kama ni kuzikwa, tuzikwe na ngano. Ile ya zimwi kabisa, ya kusimuliwa watoto. Tusiwaage watu kwa kununa."

Akaingia ndani siku tatu, akatoka na ngano ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Hapo kale, zimwi lilimeza miisho ya hadithi zote. Bibi wakianza kusimulia, wanafika katikati, maneno yanakwisha mdomoni, na watoto hawalali. Kulikuwa na msichana ambaye mama yake alifariki akiwa amemsimulia nusu ya hadithi. Msichana yule hakutaka kitu kingine duniani ila nusu ya pili, basi akafunga safari kulifuata zimwi. Mwantumu aliposikia hapo alijifanya ameingiwa na vumbi jichoni. Barazani kulikuwa kumefagiliwa asubuhi ile.

Fundi Sekibaha naye alisikia. Nanyi mjue, Fundi hashiki karatasi. Anafanya kazi kwa alichokisikia siku ya kusoma, kisha anajifungia kibandani kwake, na akishaingia hataki kuulizwa wala kuongezewa neno. Tausi alipofika mahali msichana anapokutana na zimwi, alisema, "Hapa bado zimwi halisemi kitu." Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akainuka na kwenda zake. Hakusikia Tausi akimalizia kwamba maneno ya zimwi atayaandika usiku ule.

Siku ya kupiga picha ikafika, ya mwisho waliyopewa. Fundi akaleta kinyago. Kilikuwa kichwa kikubwa cha katani iliyofumwa kwa mkono, macho yamelegea kwa huzuni, masikio yamelala, na mahali pa mdomo pamefumwa kabisa, hata sindano isingepita.

"Fundi, mdomo uko wapi?" Mwantumu akauliza.

"Mlisema halisemi."

"Linasema, Fundi. Ukurasa mzima."

"Mngekuja kuniambia."

"Kibandani hutaki kuambiwa."

Fundi akakuna kidevu. "Hilo nalo ni kweli," akasema. Kukata mdomo hakukuwezekana, maana uzi mmoja ukikatika uso wote unafumuka. Na kutengeneza kingine kungechukua siku kumi ambazo hawakuwa nazo.

Mwantumu alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Misimu mitatu ya kazi yake itakwisha kwa zimwi bubu. Lakini kila alipoinua macho, kinyago kile kilimtazama, na alishindwa kukichukia. Kilifanana na mtu aliyefunga mdomo kwa sababu ya alichokibeba ndani. Alijua kwamba mdomo ungekiharibu.

Tausi akakitazama muda mrefu. Kisha akaichana ile karatasi ya maneno ya zimwi, kazi ya usiku mmoja na maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, akaandika mstari mmoja tu wa msichana kwenye kiganja cha mkono.

Hoza akavaa. Ndani mlikuwa na joto la tanuri na hakuona ila vidole vya miguu yake. Msichana akaanza kusimulia hadithi ya mama yake, na alipofika pale inapokatika, zimwi likapiga magoti. Likautwaa mkono wa msichana, likauweka tumboni pake, likautuliza pale. Kisha mabega yakaanza. Hayakutetemeka sana, yalishuka polepole, upande mmoja na halafu wa pili, kama ya mtu anayetua mzigo aliouzoea. Hilo halikuandikwa popote. Msichana akasema ule mstari wa kiganjani: "Kumbe na wewe ulikuwa hutaki iishe." Zimwi likaitikia kwa kichwa. Msichana akakaa ubavuni pake, akaimalizia hadithi mwenyewe.

Mpiga picha alisahau kuzima kamera.

Sehemu ile ilirushwa Alhamisi saa zilezile mbaya. Kwenye saluni moja mjini Tanga kinyozi alisimamisha mashine, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa hakulalamika. Watu wakatumiana kipande kile kwenye simu, wakalia na wake zao, wakawapigia mama zao. Kufikia Jumatatu simu za kituo hazikupumua. Jumatano ikaja barua nyingine: msimu wa nne, na mara hii baada ya taarifa ya habari. Walistahili hayo tangu zamani, nami sijali nani ananisikia nikisema hivyo.

Ndiyo furaha, na ndiyo mwanzo wa kesi. Jina la mlangoni la msimu wa nne lilitakiwa kituoni Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Mwantumu akawaita mmoja mmoja.

Tausi akasema, "Dada, mimi nimewaandikia watu wengi, na kila mara jina langu linapotea njiani. Bila ngano yangu, kinyago kingekuwa pambo la ukutani, na Hoza angekuwa mtu anayelia bila sababu. Na ukurasa wangu niliuchana mwenyewe."

Fundi akasema, "Mwanangu, ni kweli nilikosea. Lakini kosa langu ndilo mlilolipiga picha. Kinyago kingekuwa na mdomo, mngepata zimwi linalohutubia. Macho yangu yanafifia, na sijui kama kuna msimu mwingine nitakaoufuma."

Zamu ya Hoza ikafika. Aliinamisha kichwa, akasugua viganja. "Wao wangeweza kuandika tena na kufuma tena. Kile nilichokifanya mle ndani sikijui, na siwezi kukirudia. Mama yangu kule Lushoto hutazama kila wiki na kuniuliza, 'Baba, wewe ni yupi?' Namwambia mimi ndiye zimwi, anacheka. Hasadiki. Kusoma anajua, ila majina ya mwishoni humpita mbio. Akiliona jina mlangoni, atasadiki."

Mwantumu akaondoka na moyo mzito, kwa kuwa wote watatu walikuwa wamesema kweli. Mpishi alimshauri apige kura ya bahati nasibu. Akakataa, akasema kura ni kumpa mtu heshima bila kumwambia kwa nini. Mpiga picha akamshauri aandike matatu kwa pamoja. Akakataa hilo pia, kwani mlango wa watatu hausomwi, na ndiyo maana waliuweka wa mmoja.

Ijumaa hiyo alikaa karibu na mhariri, mbele ya kioo cheusi. Saa ilikuwa sita kasoro dakika nne. Uani, watatu wale walikuwa wamekaa benchi moja wakinywa chai, wakicheka kuhusu kitu, na hakuna aliyeutazama mlango.

"Dada Mwantumu," mhariri akasema, vidole vikiwa juu ya vitufe. "Niandike nani?"

Msinitazame mimi, kazi yangu imeishia hapa. Wewe uliyenyamaza muda wote, na wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa: anayepewa atakaa pale msimu mzima, na wawili wataliona jina lake kila wiki. Mngemjibu nini mhariri, na wale wawili mngewaambia nini mkiwafuata uani?