Chuo Kilichoagizwa Kulala

Hapo zamani za kale, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao, wanyama walikuwa na chuo kikuu kando ya mto wa mchanga. Vijana walisomea kazi moja kubwa: kufukua maji wakati wa kiangazi. Wasipofukua, mbuga nzima inakufa kiu.

Basi Tembo, mkuu wa chuo, akaenda kutembea nchi ya barafu. Aliporudi, hashikiki.

"Tunafuata mfumo wa Dubu," akatangaza. "Wenzetu wameendelea. Baridi ikiingia wanajifungia pangoni, wanalala. Wanaamka na shahada."

"Kwetu hakuna barafu, mzee," akasema Nguchiro, binti wa mwaka wa pili. "Tutalala lini?"

"Kiangazi."

"Ndipo tunapofukua. Nina wadogo zangu wachanga. Watakunywa nini?"

Kifaru, makamu wa mkuu, akapiga mguu chini, puu! "Wewe nani umbishie Dubu? Atakayetoka pangoni kabla ya mvua, tunamfukuza chuo."

Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Halafu akainamisha kichwa, mjanja yule.

"Nimekosa, wazee wangu. Lakini jambo jema huanza na wakubwa. Tangulieni kulala, tuone inavyofanywa."

Sifa hizo! Wakaingia pangoni wamejitunisha, wakalala.

Jua likawaka. Mchanga ukawaka. Siku zikapita, Tembo akaita kwa sauti iliyokauka, "Nguchiro, mwanangu, tuletee maji."

Nguchiro alikuwa amekaa mlangoni. "Aka, mzee. Dubu akilala hanywi."

"Dubu ana mafuta mwilini! Na kwake kuna baridi!"

"Kumbe unajua."

Tembo akajiinua kwa shida.

"Basi tunatoka," akasema Kifaru.

"Tokeni. Anayetoka kabla ya mvua anafukuzwa. Sheria yenu hiyo."

Mara wakasikia kutoka mtoni, gu-gu-gu, vijana wanakunywa. Kifaru akaanza kulia.

"Wanafukua?" akauliza Tembo.

"Tangu mlipolala. Tufukuzeni sote mkitaka. Maji hatuachi, na chuo ni chetu."

"Sheria nimeifuta," akanong'ona Tembo.

"Sema mbuga isikie."

"Nimeifuta!"

Wakatoka mbio, tifu tifu, mpaka kwenye kisima walichofukua vijana. Wachanga wa kina Nguchiro walikuwa wa kwanza, midomo imelowa. Tembo akanyoosha mkonga kupita juu ya vichwa vyao.

"Foleni inaanzia kule nyuma, mzee," akasema Nguchiro.

Tembo akaenda nyuma. Chekeni, lakini mshike neno hili: nguo ya kuazima haisitiri matako.