Jina Lililoliwa na Mchwa

Asiye na masikio asogee motoni, angalau apate joto. Wenye masikio, hiki kisa ni chenu, na hukumu mtaitoa wenyewe. Mimi nimechoka kuwaamulia.

Huko Pemba, kwenye mikarafuu, walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Mzee Faki alikuwa na mkono: alinakili vitabu vya kale kabla mchwa hawajavimaliza, wala hakuongeza nukta yake. Kidawa alikuwa na sauti: aliwasomea watu barua zao, na akikusomea ya mumeo utadhani mwanamume yupo mkekani, hata unataka kumgombeza. Vuai, fundi redio, alikuwa na sikio: alirekodi sauti za watu, akajua ipi ya kweli na ipi ya kujitia.

Na alikuwapo Bi Mize. Yeye alikuwa na macho mawili yenye mtoto wa jicho, hayaoni, na tena makavu.

Mwanawe Haroub alianguka mkarafuuni akafa. Desturi ya pale, siku ya tatu ya msiba husomwa Kisa cha Kisima, kisa kikongwe kuliko babu zenu. Mama mfiwa hulia, na msiba hutoka nyumbani. Siku ile sanduku lilipofunguliwa, kitabu kilikuwa vumbi na mchwa. Hakikusomwa. Bi Mize hakulia. Watu wakakunja mikeka wakaenda zao, msiba ukabaki umekaa.

Binti yake Asiya akapoteza mimba moja. Akapoteza ya pili. Ya tatu ilipofika miezi saba, mkunga, Bi Kombo, alikuja asubuhi na hakumung'unya maneno.

"Mize, msiba usioliliwa hauondoki mikono mitupu. Unangoja wa kuondoka naye."

"Nilie vipi, Kombo? Nijitie pilipili?"

"Ungekuwa unalilika kwa pilipili, ningekuletea kikapu."

Kumbe Mzee Faki alikuwa ameyaokota yale mabaki ya kitabu, akayaunga ukurasa kwa ukurasa, miaka mitatu. Pahali pamoja tu palimshinda. Mama anapoinama kisimani kumwita mwanawe aliyezama, mchwa walikuwa wamelila jina.

"Tia jina lolote," watu wakamwambia. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema, akaliacha tundu.

Bi Mize hakutaka msomaji chumbani. "Sitaki mtu anikodolee macho akingoja nilie, kama paka anayengoja utumbo." Basi kisa kikawa cha kurekodiwa, asikilize peke yake.

Kwanza alisoma mwalimu mmoja. Alisoma kama anayeita majina ya watoro, na penye tundu akaruka kama anaruka dimbwi. Bi Mize akalala.

Akaja mshereheshaji wa harusi. Huyo alipiga kwikwi, akagugumia, na penye tundu akajaza "mwanangu weee!" mara saba. "Kalia yeye mpaka kanimalizia machozi," akasema Bi Mize. "Mzimeni, kuku wangu hawatotoi."

Mimba ya Asiya ikaanza kuuma.

Ndipo akaitwa Kidawa. Alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayechambua mchele. Yule mama wa kisimani hakumfanya alie. Alimfanya aite tu, kama unavyomwita mtoto aje ale. Alipofika penye tundu hakuruka, hakubuni. Alivuta pumzi ya kuita, akabaki nayo.

Halafu akamgeukia Vuai. "Hapo nimekwama. Pakate."

Vuai alisikiliza amefumba macho. Katika ukimya ule mlikuwa na ile pumzi, na kunguru mmoja, mbali.

"Sipakati."

"Utaniaibisha!"

"Basi aibika."

Bi Mize akaiweka redio kifuani. Mama akainama kisimani, akavuta pumzi, na jina halikuja. Bi Mize akangoja. Ukimya ukarefuka, kama mtu aliyeacha mlango wazi makusudi. Mwishowe kinywa chake mwenyewe kikaita: "Haroub!"

Alilia hata kuku wakatawanyika. Na jirani aliapa kwamba mlango wa uani ulifunguka, na upepo haukuwapo.

Asiya akajifungua mtoto wa kiume, mzima. Akanyonya, akatazama watu. Ila hakulia. Siku ya kwanza hakulia, ya pili, hata ya sita. Alifumbua kinywa, akavuta pumzi, akabaki nayo. Bi Mize aliweka kidole penye midomo ile midogo, akasikia hewa ikiingia, ikiingia tu, baridi kama ya kisimani.

"Anangoja jina," Bi Kombo akasema. "Na jina hulitoa aliyeutoa msiba nyumbani. Mmoja, mara moja. Akiita asiyestahili, kinywa hicho hakitafumbika, na mgeni wenu, ule msiba, atarudi kukaa."

Siku ya saba asubuhi watatu walisimama mlangoni.

"Ningetia jina la kubuni," akasema Mzee Faki, "huyu mama angekuwa na la kuita?"

"Shikamoo yako, babu, lakini tundu lilelile mwalimu alilipita," akasema Kidawa. "Nani alilia? Kuku?"

"Nawe ulitaka nilikate," akasema Vuai.

"Wewe! Ulikaa na mkasi usioutumia, ndiyo kazi hiyo?"

"Ndiyo. Jaribu siku moja uone uzito wake."

Bi Mize alimpakata mtoto, akiwageuzia uso mmoja mmoja. Bila mkono wa Faki pasingekuwa na tundu. Bila pumzi ya Kidawa tundu lingekuwa karatasi tu. Bila sikio la Vuai lisingefika kwake.

Bi Kombo akamnong'oneza: "Au ni wewe? Aliyeita si wewe?"

Hilo ndilo lililomtia baridi. Kwani kwenye ulimi wake lilikuwapo jina moja tu, nalo ni la maiti.

Mtoto akafumbua kinywa. Nje, mbali, akalia kunguru mmoja.

Haya, nyinyi mnaotafuna mihogo yangu mkinitolea macho: nani avuke kizingiti amwite? Wewe ungemwambia nani aingie? Sema, na useme upesi. Mtoto ameshavuta pumzi.