Mkingaji Asiye na Deni

Theluji ya Machi ilikuwa bado imelala pembeni mwa uwanja wa mazoezi wa Wahunzi, klabu ya mji wa Toledo, Marekani, siku Roscoe Tillery alipoitwa ofisini kwa meneja mkuu. Roscoe alikuwa mkingaji wa kati. Katika mpira ule wa kubebwa mkononi na kuchezwa kwa helmeti, kazi yake kwa miaka tisa ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya Cody Lindqvist, mrusha mpira wa timu, na kuwapokea kwa kifua chake majitu yote yaliyokuja kumponda. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi, lakini hakuwahi kukosa mechi. Mashabiki walimpenda kama mtu anavyoupenda ukuta wa nyumba yake. Hawakumtaja sana, ila walilala usingizi kwa sababu yupo.

Brent Haverkamp, meneja mkuu, alimpokea kwa ulimi wa asali. Alimweleza kwamba amempata Marquel Dupree, mpokea mipira hodari kuliko wote katika ligi, ila kikomo cha mishahara kimembana. Ligi huipangia kila klabu kiwango kimoja cha mishahara kwa mwaka, tajiri na fukara sawasawa, na anayekivuka huadhibiwa. Haverkamp alikuwa na ujanja wake. Dupree angepewa mamilioni yake papo hapo, lakini katika hesabu za ligi fedha hizo zingegawanywa na kuhesabiwa miaka ijayo, hata ile ambayo Dupree mwenyewe angekuwa ameshaondoka. Lilibaki pengo dogo tu, na pengo hilo alitaka Roscoe alizibe kwa kukubali kukatwa theluthi ya mshahara.

"Tukimpata huyu, kaka, kombe ni letu," alisema. "Na wewe utastaafia hapahapa. Nakupa neno langu."

Roscoe alikubali. Jioni ile mkewe, Charmaine, alimuuliza kama neno hilo lilikuwa na shahidi. Roscoe akacheka, akasema mtu mzima hashikiwi fimbo ndipo atimize ahadi.

Msimu ule ulikuwa wa shangwe tupu. Dupree alidaka mipira kama mwewe adakavyo vifaranga. Wanawake kwa wanaume walipanga foleni kwenye baridi kali, mikate ya soseji mkononi, ili wamwone akishuka kwenye gari. Magazeti yalimwita Haverkamp mchawi wa hesabu. Wahunzi walifika nusu fainali, wakatolewa kwa tofauti ya pointi tatu. Badala ya kushtuka, Haverkamp alinogewa. Mwaka uliofuata alimwongezea Dupree mkataba, akaleta nyota wengine wawili kwa ujanja uleule wa kula leo na kuiachia kesho vyombo vichafu. Kocha wa wakingaji alipomuuliza miaka hiyo italipwa na nani, alijibiwa kwamba kikomo hupanda kila mwaka, na kwamba mwoga hanyanyui kombe.

Mwaka wa tatu ukafika. Goti la Dupree lilikuwa limechanika tangu Oktoba. Wale nyota wawili walikuwa wameshahamia klabu nyingine, lakini fedha zao ziliendelea kuhesabiwa Toledo kama mizimu inayodai kafara. Klabu ilikuwa imevuka kikomo kabla hata haijanunua kamba za viatu. Haverkamp akaanza kufyeka, na Roscoe akaitwa tena ofisini.

Safari hii hapakuwa na asali. Haverkamp alimwambia kuwa klabu inamwacha, na alilisema hilo huku macho yake yakiwa dirishani.

"Dupree hawezi hata kupanda ngazi," Roscoe alisema polepole. "Mimi sijakosa mechi hata moja. Kwa nini mimi?"

"Nikimwacha Dupree, fedha zake zote nilizozisukuma mbele zinaniangukia mwaka huu. Kumfukuza ni ghali kuliko kumweka. Wewe ulikatwa tu mshahara, hatukusukuma chochote. Wewe ni mwepesi kuachwa."

"Yaani kosa langu ni kuwasaidia."

"Ni biashara tu, kaka. Usiniwekee kinyongo."

Damu ilimchemka Roscoe. Mikono iliyozoea kuwarudisha nyuma watu wa kilo mia na hamsini ikaushika ukingo wa meza, na Haverkamp akasogeza kiti chake hadi ukutani. Roscoe hakumgusa.

"Usiniite kaka," alisema, akatoka.

Wiki iliyofuata klabu ilimwandalia sherehe ya kumuaga. Palikuwa na keki, na jezi yake imewekwa kwenye fremu, na waandishi wa habari wameketi tayari. Alitakiwa atangaze kwamba anastaafu kwa hiari yake. Msemaji wa klabu alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa muda mrefu, akimwita mwana wa Toledo na nguzo ya Wahunzi, na Roscoe akatulia akivishwa kile kilemba cha ukoka mpaka kipaza sauti kilipomfikia.

"Sistaafu. Nimefukuzwa," alisema. "Nilitoa theluthi ya mshahara wangu ili mtu mwingine alipwe, na kwa kuwa nilitoa, nimekuwa rahisi kutupwa. Tumefukuzwa kumi na mmoja tangu wiki iliyopita. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa siku mabwana hawa walipokuwa wanatapanya. Keki kuleni wenyewe."

Charmaine ndiye aliyenyanyuka kwanza. Wakatoka pamoja, na ukumbi mzima ukabaki kama uliomwagiwa maji.

Nafasi yake alipewa kijana aliyetoka chuoni, mwenye nguvu za nyati lakini hajajua bado kusoma hila za wapinzani. Katika mechi ya nne mababe wawili walimpita kama mlango ulioachwa wazi, wakamwangukia Lindqvist. Bega lilivunjika. Roscoe aliyaona hayo kwenye televisheni sebuleni kwake, akaibamiza rimoti ukutani.

Kesho yake Haverkamp alimpigia simu. Alimtaka arudi, tena kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na ligi, maana kikomo kilikuwa bado kimejaa fedha za Dupree.

"Cody anakuhitaji," alimsihi.

"Cody yuko hospitali," Roscoe alijibu. "Alinihitaji bega lake lilipokuwa zima." Akakata simu.

Wahunzi walishinda mechi mbili tu msimu mzima. Haverkamp alifukuzwa kabla ya Krismasi, na meneja mpya akatangaza kwamba itachukua miaka miwili kuzisafisha hesabu. Roscoe hakupata furaha aliyoitarajia. Alikuwa ameketi kando ya kitanda siku daktari alipomwambia Lindqvist kwamba mkono ule hautarusha mpira tena. Lindqvist aligeukia ukutani, akalia bila sauti. Roscoe alikunja ngumi, lakini hapakuwa na wa kumpiga. Haverkamp alikuwa ameshakwenda zake Florida na kiinua mgongo chake. Waliobaki wakilia ni wale ambao hawakukopa hata senti, na kwa machozi yao Toledo nzima ilijifunza kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.