Kindi Aliyeingia Mlimani

Hebu tulia kidogo, ufumbe macho. Uone mlima mweusi uliovikwa ukungu, asubuhi ya Julai, katika ile baridi ya Njombe inayouma masikio. Chini ya mlima kuna barabara, na kando ya barabara kuna mdomo wa bomba la zege, mpana kama sufuria ya ubwabwa wa watu sita. Watu wamelizunguka, masikio wameyatega. Ndani kabisa ya bomba, mbali, sauti ya mwanamke inasema, "Yamefika magotini."

Umeisikia? Sasa nikueleze ni nani aliyekuwa mle ndani, na nani waliokuwa nje.

Katika nyumba ya marehemu Mligo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Lutengano, mtoto wa kwanza wa Mligo, alijaliwa mikono. Baba yake alikuwa dereva wa mhandisi mgeni aliyejenga barabara ile, na mhandisi alipoondoka alimwachia sanduku lenye vigari vitano vya rimoti, vile vya kuchezea kwenye mchanga, vyenye matairi makubwa nyuma. Vilikaa darini miaka thelathini, panya wakitafuna nyaya. Lutengano alivishusha. Kutu aliikwangua kwa msasa, nyaya akazilehemu upya, na jino la gia lililovunjika akalichonga kutoka kwenye mfuniko wa ndoo. Miaka miwili ilipita, na katika vigari vitano akapata kimoja kinachokimbia. Wakakiita Kindi.

Mwanakombo, mke wa Lutengano, alijaliwa vidole. Alikuwa fundi cherehani, mtoto wa Pangani. Akishika rimoti, Kindi alipita katikati ya vikombe vya chai sakafuni bila kugusa hata kimoja. Yeye ndiye aliyejaza mafuta kwenye shokapu, zile springi nne zinazokifanya kigari kidunde bila kupinduka. Mafuta yake yalikuwa yamekauka zamani, na dukani hayakuwepo, basi Mwanakombo akatia mafuta yake ya nazi ya kupaka nywele. Yalifaa sana.

Na Vumilia, mdogo wa Lutengano, alijaliwa masikio. Kigari kikizunguka jikoni, yeye akichambua maharage na mgongo amekipa, angesema, "Gurudumu la kulia lina mchanga." Wakitazama, upo.

Shangazi yao, Sekela, aliwacheka wote. Alikuwa mfinyanzi, naye ndiye mwenye jiwe. Jiwe lenyewe ni dogo, jeusi, laini kama yai, la kung'arishia vyungu. Katika ukoo ule huwa kwa mwanamke mmoja tu, na mwenye jiwe peke yake ndiye huingia shimoni katika mlima Lwangu kuchimba udongo. Wengine humngoja nje.

"Watu wazima na midoli!" angesema akipita mlangoni. "Mngefinyanga hata kikombe, tungenywea uji."

"Shangazi, panda nikupeleke sokoni," angejibu Mwanakombo, akimzungushia Kindi miguuni.

Jumapili moja Vumilia alikuwa akikata majani ya ng'ombe chini ya Lwangu. Akasikia mlima ukilia. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama kuni mbichi inayopasuka motoni, lakini chini sana, ndani sana. Akasimama, akasikiliza, ukanyamaza. Akawaza: nikisema, watanicheka. Akafunga majani yake akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu.

Jumanne asubuhi Shangazi Sekela aliingia shimoni, na mlango wa shimo ukaporomoka nyuma yake.

Wanaume walikimbia na majembe. Kila jembe lililopigwa, udongo mwingine ulishuka. "Acheni!" Lutengano alipiga kelele. "Mtamzika!" Ikabidi wachimbe kwa viganja, polepole, kutokea juu. Hiyo ingekuwa kazi ya siku nzima, na Shangazi hakuwa na siku nzima, kwa sababu chemchemi ilikuwa imepasuka mle ndani. Walijua kwa sauti yake, iliyowafikia kupitia bomba la zamani la barabara lililotelemka hadi shimoni.

"Yamefika magotini."

Jirani yao Msigwa, Baba Lucha, mkulima wa viazi, alileta pampu yake na mpira mrefu. Lakini mpira ulikataa kupita. Katikati ya bomba vipande viwili vilikuwa vimeachana, vikafanya kizingiti kwenye kona. Mpira ulikwama hapo. Mwanzi nao ukakwama hapo.

"Tufikishe kamba upande wa pili, Shangazi auvute mpira mwenyewe," alisema Lutengano.

"Tumwage maji yaibebe kamba," alisema Msigwa.

"Halafu maji yaende wapi, Baba Lucha?" Vumilia alimuuliza.

Ndipo Mwanakombo akasema, "Kindi."

Walimfunga Kindi uzi wa nailoni nyuma na tochi juu, wakamweka mdomoni mwa bomba. Mwanakombo akabonyeza. Kindi akaingia mbio, na kabla hata ya kufika kwenye kizingiti akaanza kurukaruka kama jiwe kwenye bati, akapinduka.

Wakamrudisha kwa uzi. Lutengano akabana shokapu kwa vidole. Hazikushuka hata kidogo. Akamtazama mkewe.

"Mafuta yako, Mwanakombo. Yameganda."

Mwanakombo alijua kuwa mafuta ya nazi huganda, nani asiyejua? Ila Kindi alitengenezwa jikoni, kando ya moto, akajaribiwa jikoni, akalala jikoni. Hakuwahi kutoka nje asubuhi ya Julai.

"Yamefika kiunoni," bomba likasema.

Mwanakombo alifungua khanga, akamkumbatia Kindi kifuani na matope yake, akajifunika. Walisimama hivyo muda mrefu, yeye akitetemeka na watu wakiutazama mlima. Alipomtoa, shokapu zilidunda.

"Yamefika kifuani. Wanangu, mpo?"

"Tupo, Shangazi!"

Wakati wa kumweka Kindi chini, gia ikateleza. Lile jino la mfuniko wa ndoo lilikuwa limeng'oka. Lutengano alipiga magoti barabarani, akavunja kipande cha mpini wa plastiki wa kisu chake, akachonga jino jipya dogo kuliko punje ya mchele, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Akalipachika. Likashika.

Sasa kikabaki kizingiti, na hakuna jicho lililoweza kuona kona. Vumilia alilala kifudifudi, akaingiza kichwa ndani ya bomba.

"Twende, wifi. Taratibu. Anaparuza kushoto, mrudishe. Hapo sawa. Simama! Yupo kwenye kizingiti."

"Nipite wapi?"

"Kulia mlio ni mzito, kuna tope. Kushoto ni mtupu, kuna ufa. Katikati, wifi. Kwa nguvu. Sasa!"

Mwanakombo akabonyeza. Vumilia akasikia matairi yakigonga, kimya kidogo, kisha yakitua. Yakaendelea. Uzi ukakimbia mkononi mwa Lutengano.

"Shangazi! Unaona taa?"

Hakuna aliyejibu. Vumilia alisikia maji tu, yakipanda polepole, na nyuma ya maji, chini sana, ile kuni mbichi ikipasuka.

Kisha uzi ukavutwa mara mbili.

Uzi ulipeleka kamba, kamba ikapeleka mpira, na pampu ya Msigwa ikanguruma hadi saa tisa mchana, wachimbaji walipoufikia mkono wa Shangazi Sekela. Maji yalikuwa yameishia kidevuni.

Alipona. Lakini vidole vitatu vya mkono wake wa kulia, vilivyopondwa na udongo, vilibaki vimejikunja, havifinyangi tena. Ijumaa aliwaita wote watatu, akaweka jiwe mezani.

"Aliyenitoa ndiye alichukue," alisema. "Halikatwi vipande. Awe mwanamume, awe wa Pangani, sijali."

"Bila mikono yangu Kindi angekuwa chakula cha panya," alisema Lutengano.

"Bila vidole vyangu angekuwa pambo la kabati," alisema Mwanakombo. "Ila mafuta yale ni yangu. Yalikupandishia maji kutoka magotini hadi kifuani, Shangazi. Hilo silikatai."

Vumilia angeweza kusema kuwa bila masikio yake Kindi asingevuka kizingiti. Badala yake akasema kitu kingine, macho yake yakiwa kwenye jiwe.

"Jumapili niliusikia mlima. Ulikuwa unalia. Sikusema."

Lutengano alimgeukia dada yake kama mtu asiyemfahamu. Shangazi Sekela hakugeuka. Alilisukuma jiwe kwa kidole chake kimoja kilichojikunja, likabingirika kidogo, likatulia katikati yao.

"Na mimi niliusikia," alisema. "Nikaingia."

Jiwe lipo mezani mpaka leo, na udongo wa akiba nyumbani umekaribia kwisha. Kindi hakutoka. Asubuhi Vumilia akipita barabarani huinama kwenye mdomo wa bomba, na huyasikia matone yakigonga gamba lake la plastiki. Siku nyingine husikia zaidi ya matone. Siku hizi husema, nao hawamcheki.

Basi ni zamu yako. Mmoja alimfufua Kindi, akamfufua tena barabarani. Mmoja alimpasha moto kwa mwili wake na kumwendesha gizani, ingawa ni yeye aliyemgandisha. Mmoja alimwonyesha njia pasipo kuona, ingawa alinyamaza siku ambayo neno moja lingetosha. Je, jiwe ungempa nani?

Usiwe na haraka. Fikiri hata kama ni hadi kesho. Ila kabla hujanitajia jina, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: utakayemchagua ndiye atakayeingia.